Mtafunwa na nyoka: kiwewe cha utotoni kinavyomfuata kijana

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hakukubali kukaa popote isipokuwa dawati la mwisho, pembeni mwa mlango. Ukimhamishia mbele leo, kesho unamkuta kwenye dawati lake lilelile. Darasa letu lilipakana na barabara ya vumbi, na kila pikipiki ilipopunguza mwendo huko nje aliacha kuandika, kichwa juu, kalamu hewani, mpaka mlio upotee. Walimu tulikuwa na maneno yetu tayari: mzembe, hatulii, ana kiburi. Mimi mwenyewe nilimtoa nje mara mbili kwa kutosikiliza. Ilipita miezi kabla sijajua kwamba baba yake wa kambo alikuwa dereva wa bodaboda, na kwamba tangu akiwa na miaka sita, sauti ya injini ikizimwa mbele ya nyumba usiku ndiyo iliyomwambia yeye na mama yake kuwa kipigo kimefika.

Wahenga walishalisema hili kabla ya maabara yoyote: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa mtu mzima aliyetapeliwa mara moja akawa mwoga wa biashara. Naomba tuichukue kwa uzito wake wote, nyoka, unyasi na mshtuko, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho watafiti wamekuja kukithibitisha kuhusu watoto walioumizwa.

Na ufafanuzi tunauhitaji. Kila video ya mwanafunzi anayechapwa inaposambaa, ugomvi huwa uleule. Hawa wanasema, "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Wale wanaona kiwewe kila mahali: mzazi aliyekataa kununua simu, mwalimu aliyemkosoa mtu mbele ya wenzake, mpenzi asiyejibu meseji. Katikati ya kelele hizo yupo kijana ambaye kweli ameumia, na pande zote mbili zinampita kama hazimuoni.

Maneno matatu tunayoyachanganya

Masaibu ya utotoni ni yale yaliyompata mtoto: kupigwa, kutukanwa kila siku, kufanyiwa ukatili wa kingono, kunyimwa chakula na matunzo, kumuona mama akipigwa, kufiwa, kukimbia vita. Kiwewe ni kile kinachobaki ndani yake baada ya hayo. Katika Kiswahili cha kawaida mtu huingiwa na kiwewe pale woga unapomshika hata asijue la kufanya. Wataalamu wamelichukua neno hilo wakalirefusha muda: ni mtu ambaye tukio limekwisha, lakini mwili wake bado haujapata habari kwamba limekwisha. Ndiyo maana watoto wawili wanaweza kutoka kwenye basi moja lililopinduka, mmoja akapanda basi tena baada ya miezi michache, mwenzake akawa anatokwa jasho kila akisikia honi. Basi lilikuwa moja, ila jeraha kila mmoja alibeba la kwake.

Neno la tatu ni stresi, na hili ndilo tunalolitumia ovyo kuliko yote. Stresi ni moto. Moto wa kadiri ndio unaopika: siku ya kwanza shuleni, mtihani, sindano ya chanjo, kushindwa mechi. Mtoto asiyepitia moto huo kabisa haivi. Moto mkubwa, kama msiba au ajali, unaweza kuunguza, lakini kukiwa na mtu mzima jikoni wa kupunguza mkaa, sufuria hupona. Hatari ipo kwenye jiko linalowaka usiku na mchana na jikoni hamna mtu. Jack Shonkoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard wameiita hali hiyo msongo wenye sumu. Angalia tofauti inakaa wapi: ukubwa wa moto una maana yake, lakini swali linaloamua mengi ni kama yupo mtu wa kuupunguza.

Mlinzi asiyepata zamu

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kinachoitwa amigdala. Kazi yake ni ya mlinzi wa getini: akiona hatari anapiga filimbi kabla mwenye nyumba hajaamka. Filimbi ikilia, mwili unamwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inaingia kwenye damu, misuli inakaza, usagaji wa chakula unasubiri. Yote hayo ni mema. Bila hayo tungekanyagwa na magari. Nyoka akiondoka, filimbi inanyamaza na mwili unarudi ulikokuwa.

Sasa mfikirie mtoto ambaye nyoka analala nyumba hiyohiyo. Mlinzi wake hapati zamu ya kupumzika. Anajifunza kupiga filimbi mapema zaidi na kwa dalili ndogo zaidi: mlango uliobamizwa, harufu ya pombe, kandambili zinazoburuzwa uani, uso uliokunjamana. Hilo si kosa la ubongo. Ubongo unafanya kazi yake sawasawa kwa mazingira uliyopewa, na mtoto yule wa pembeni mwa mlango alikuwa hodari kupita sisi sote darasani kwa jambo moja: kusikia pikipiki. Shida ni kwamba ujuzi uliomwokoa nyumbani ndio uliomfelisha hesabu.

Ubongo wa mtoto hujengeka kwa kutumika. Ni kama njia za miguu kwenye mbuga. Panapopitwa kila siku panakuwa peupe, mwisho panakuwa barabara, na pasipopitwa nyasi hufunika. Mtoto mchanga anapolia na mtu akaja, akatabasamu na akatabasamiwa, akanyoosha kidole na mama akataja jina la kitu, njia za lugha, za utulivu na za kuamini watu zinakanyagwa. Mtoto ambaye akilia haji mtu, au anayekuja anakuja na kofi, naye hukanyaga njia, ila ni zile za kujihami.

Sehemu mbili nyingine za ubongo huumia pamoja na amigdala. Moja ni hipokampasi, inayosaidia kuweka kumbukumbu na kujifunza mambo mapya. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu inaidhoofisha. Nyingine ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, tunayoitumia kupanga, kusubiri, kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda. Hii ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, na hukamilika mtu akiwa na miaka ya ishirini na kitu. Mlinzi akipiga filimbi, sehemu hii ya mbele hupokonywa usukani, kwa sababu mtu anayekimbizwa na nyoka hana haja ya kupanga bajeti.

Mzazi anayeshangaa kwa nini mwanawe "ana akili lakini hashiki" aifikirie simu yake. Programu kumi zikiwa zinajiendesha kwa nyuma, kioo kinaonekana kimetulia, lakini betri inaisha saa nne asubuhi na kila unachogusa kinachelewa kufunguka. Mwanafunzi anayelinda usalama wa mama yake kichwani huku ameketi darasani yuko katika hali hiyo.

Kwa nini mambo huibuka kwenye ujana

Wazazi wengi huniambia, "Alikuwa mtoto mzuri tu, ameharibika alipofika sekondari." Mara nyingi hakuharibika hapo. Kuanzia miaka kama kumi ubongo hupitia ukarabati mkubwa wa pili. Zile njia zinafyekwa upya, na sehemu za hisia na raha zinachangamka mapema huku sehemu ya breki ikiwa bado inajengwa. Kwa kijana yeyote kipindi hiki kina mawimbi. Kwa aliyekifikia akiwa na mlinzi asiyelala, mawimbi huzidi kimo.

Kutoka hapo vijana hugawanyika, na hapa ndipo ninapoona tunakosea zaidi. Wapo wanaolipuka. Anaguswa bega kwenye foleni, tayari kashakunja ngumi. Anaambiwa "njoo hapa" kwa sauti ya juu, anatukana au anatoka nje. Anatafuta pombe, bangi au mpenzi wa kumshika haraka, kwa sababu vitu hivyo kwa saa moja humnyamazisha yule mlinzi. Hawa tunawaona, na tunawafukuza shule.

Wengine wanaganda. Ni yule binti mpole asiyesumbua mtu, anayeitika "ndiyo mwalimu" na macho yake yako mbali. Kuna watoto ambao wakati wa maumivu walijifunza kuuacha mwili pale na wenyewe wakaondoka, na sasa kila likitokea zito wanaondoka tena bila kukusudia. Wengine wanakuwa wa kwanza darasani mwaka hadi mwaka kwa sababu alama ndiyo kinga pekee waliyoipata. Kwa watoto hawa kimya hutufurahisha, tukakiita adabu. Ningependa kila mwalimu mkuu asimame hapa kidogo.

Daktari aliyeuliza swali jingine

Jinsi jambo hili lilivyopata namba ni kisa chenye somo. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya unene mjini San Diego, Marekani. Alisumbuliwa na jambo lisiloeleweka: wagonjwa waliokuwa wanapungua vizuri ndio waliokuwa wanaacha matibabu. Alipowahoji, wengi walisimulia ukatili wa kingono wa utotoni. Kwa baadhi yao mwili mkubwa ulikuwa ngao. Akaungana na Robert Anda wa taasisi ya serikali ya udhibiti wa magonjwa, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo ya watu 9,508, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha kati wenye bima ya afya. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau aina moja ya masaibu. Waliopitia aina 4 au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, ukiwalinganisha na wale wasiopitia hata moja.

Orodha yao ilianza na aina 7, baadaye ikafika 10. Ni orodha ya nyumba ya Kimarekani. Haina kufiwa na wazazi wote na kugawanywa kwa ndugu kama mbuzi wa urithi, haina vita, wala haina binti wa miaka 12 anayetolewa kijijini kwenda kulea mtoto wa mwenzake mjini. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso pana zaidi lenye vita, ukatili wa mtaani na uonevu wa rika.

Naomba pia tusiigeuze idadi ya aina za masaibu kuwa ramli. Vijana wanajaza dodoso mtandaoni, wanapata 6, wanajihukumu. Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 wakionya kwamba hesabu hii inasema jambo kuhusu makundi ya watu na haikutengenezwa kumtabiria mtu mmoja. Haijui ulipigwa mara moja au miaka kumi, wala haijui kama bibi yako alikuwa anakufungulia mlango.

Na kwetu? Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au viboko na mtu mzima au mwenza. Kenya ilifuata mwaka 2010 na kurudia mwaka 2019. Hapo kuna habari ninayopenda kuirudia: waliopigwa utotoni walishuka kutoka asilimia 66 hadi 39 kwa wasichana, na kutoka 73 hadi 52 kwa wavulana. Kenya ilikuwa imefuta viboko shuleni mwaka 2001 na kuweka kinga hiyo kwenye Katiba ya 2010. Sisemi sheria peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, lakini anayesema malezi ya Kiafrika hayabadiliki aziangalie namba hizo.

"Sisi tulichapwa na tumekuwa watu"

Kauli hii naiheshimu, kwa sababu anayeisema mara nyingi anawatetea wazazi wake. Sehemu yake ni kweli: si kila kofi huleta kiwewe, na mtoto aliyechapwa na mzazi ambaye siku nyingine zote alikuwa kimbilio lake hayuko sawa na aliyeishi kwa hofu. Lakini wanaosema hivyo ni wale waliovuka salama. Aliyeacha shule darasa la tano hayupo kwenye mjadala, na aliyejinyonga hana wa kumsemea. Kila ukoo una mzee aliyevuta sigara hadi miaka 90, na hatumtumii kama ushahidi kwamba sigara haina madhara.

Tena hapa kwetu pamepimwa. Tobias Hecker na wenzake waliwachunguza watoto 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Karibu asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa, nyumbani au shuleni, na kadiri adhabu zilivyozidi ndivyo uchokozi na utukutu ulivyozidi. Utafiti wa namna hiyo haumalizi swali la lipi lilitangulia. Hata hivyo, ikiwa fimbo inatuliza, wale waliochapwa zaidi walipaswa kuwa ndio watulivu zaidi. Huko Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule na kuandikwa kitabuni. Kila aliyesoma anajua ni vingapi viliwahi kuandikwa.

Kosa lingine la kawaida ni kusema mtoto mdogo hakumbuki. Hakumbuki kwa maneno. Baada ya utawala wa Nicolae Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, Romania ilikutwa na maelfu kwa maelfu ya watoto kwenye vituo vya kulelea watoto, hawabebwi wala kuzungumzishwa. Mwaka 2000 utafiti ulianza Bucharest na watoto 136, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi. Waliopelekwa walifanya vizuri kuliko waliobaki vituoni, na kwa mambo mengi, hasa uwezo wa kushikamana na mlezi, waliowahi kutoka kabla ya miaka 2 walinufaika zaidi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kukusimulia kitanda chake cha chuma, lakini ubongo wake ulikuwa umekiandika.

Na lipo lile linaloumiza kuliko yote, kwamba aliyedhulumiwa lazima atadhulumu. Si kweli. Hatari huongezeka, lakini walio wengi hawafanyi hivyo. Kulisema mbele ya kijana aliyebakwa ni kumjeruhi mara ya pili.

Kinachosaidia

Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka utu uzima. Kati ya wale waliokulia kwenye umaskini, ulevi na ugomvi wa nyumbani, karibu theluthi walikua wakawa watu timamu, wenye kazi na upendo. Alipotafuta siri, jambo moja lilijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja thabiti. Si lazima awe mzazi. Ni shangazi, babu, mwalimu, jirani, au ustadhi wa madrasa anayeuliza, "Jana hukuja, kuna nini?" na kesho yake akauliza tena.

Tiba nayo ipo, na haihitaji kusubiri mpaka kila wilaya ipate mwanasaikolojia. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za kiwewe walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Wahudumu wa kawaida, wasio madaktari, walifundishwa kuwaongoza watoto hatua kwa hatua, kwa vikundi: kutuliza mwili kwanza, kuzitaja hisia, kisha kusimulia msiba wenyewe kidogokidogo mpaka usiwe na meno. Katika maeneo 3 kati ya 4 ya jaribio, ya mjini na vijijini, waliopata huduma hiyo walipona dalili zaidi kuliko wenzao. Hilo ndilo jibu kwa wanaosema kuzungumza ni kutonesha kidonda. Kidonda kikioshwa na mtu aliyefundishwa, taratibu, kinapona. Kumshika mtoto na kumlazimisha asimulie yote mbele ya kikao cha ukoo, huko kweli ni kukitonesha.

Ukiwa mzazi, mlezi au mwalimu, anza na mwili kabla ya maneno. Kijana ambaye mlinzi wake anapiga filimbi hasikii hotuba. Shusha sauti, kaa chini, mpe maji, mwache akae mahali anapouona mlango. Ratiba inayotabirika hutibu: chakula saa ileile, ahadi ndogo inayotimizwa. Swali nalo lina namna yake. "Una matatizo gani wewe?" humfunga mtu mdomo. "Nimeona hukulala, jana kulikuwaje?" huacha mlango wazi. Akikuambia kitu kizito, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utamwambia yule tu anayeweza kumlinda. Nchini Tanzania na Kenya simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo, na Tanzania kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi.

Mwanafunzi wangu sikuwahi kumwomba radhi kwa zile mara mbili nilizomtoa nje mpaka alipokaribia mtihani wa kidato cha nne. Alinisikiliza akitazama viatu vyake, akasema, "Haina shida, mwalimu." Mama yake alikuwa ameshahamia kwa kaka yake wakati huo. Alimaliza shule akiwa bado anakaa pembeni mwa mlango, na pikipiki ikipunguza mwendo huko nje bado alikuwa anainua kichwa, sekunde mbili, tatu, kisha anarudi kwenye daftari.